Kusogeza na kuzungusha vitu kwenye 3D bila kuchanganyikiwa (natumia Blender)

Ukifungua Blender (programu ya kutengeneza vitu na animesheni za 3D) mara ya kwanza unakuta boksi la kijivu limekaa katikati, pembeni kuna kamera na taa, na karibu kila mtu anaanza hivi hivi, unalibonyeza boksi, unalivuta na mausi, linaenda kulia, unajiona fundi. Afu unageuza upande wa kutazama kidogo tu ndo unashtuka, kumbe boksi halikwenda kulia peke yake, limeenda na nyuma pia na juu kidogo, linaelea huko hewani hata halieleweki. Hujaharibu kitu. Ni kwamba mausi inajua pande mbili tu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kioo cha kompyuta nacho ni bapa, wakati dunia ya humo ndani ina pande tatu. Ule wa tatu lazima uuseme mwenyewe, usipousema programu inakubahatishia kulingana na ulivyokuwa unatazama muda huo.

Kwahiyo mimi kabla sijagusa chochote najiuliza mambo matatu: naenda kwa mhimili upi (yaani mstari wa uelekeo), huo mhimili ni wa nani, na kama nazungusha, nazungusha kwa nukta ipi. Ukiona kitu kinakuletea vituko basi mara nyingi kuna moja kati ya hayo hukulijibu, hasa hilo la tatu, hilo ndo limewaliza wengi na mimi nikiwemo.

Natumia Blender kwasababu ni ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2002, na yeyote anaweza kuishusha. Ila haya mambo ni yale yale kwenye programu nyingine za 3D kama Maya, Cinema 4D hata Unity, kinachobadilika ni vitufe. Maya, 3ds Max na Unity wao ni W kusogeza, E kuzungusha, R kukuza. Blender ni G, R na S. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine vidole vitakusaliti siku kadhaa, vumilia tu.

Mhimili upi

Kuna mistari mitatu na kila mmoja una rangi yake: X nyekundu, Y kijani, Z bluu. Hizo rangi ni zile zile karibu kila programu ya 3D kwahiyo zikariri mara moja tu zinatosha. Kisichofanana ni upi unaelekea juu. Blender Z ndo juu, Unreal pia, lakini Maya na Unity juu ni Y, na ndo maana ukitengeneza mtu kwenye programu moja ukampeleka nyingine wakati mwingine unamkuta amelala chali. Hajafa huyo, ni digrii 90 za X tu hazikuhesabiwa wakati wa kumhamisha.

Chagua boksi, bonyeza G, usishike kitu kingine, sogeza mausi. Linakufuata, lakini hii ndo ile ya kubahatisha niliyosema. Sasa bonyeza G tena afu X. Unaona mstari mwekundu umetokea? Sasa hata ukivuruga mausi vipi boksi halitoki kwenye huo mstari. Afu bila kugusa mausi andika 2 kisha Enta. Boksi la kuanzia lina upana wa mita 2 kwahiyo limehama upana wake kamili, ungekuwa na lingine pale lilipokuwa yangegusana bila hata nafasi ya unywele. Hiyo ndo raha ya kuandika namba, hukisii. Ukitaka upande wa pili unaanza na alama ya kutoa, G, X, -2, Enta.

Kuzungusha ni hivo hivo, R, Z, 45, Enta. Na kuna ile ambayo watu wengi wanaijua wakiwa wameshachelewa: G afu Shift na Z kwa pamoja, maana yake sogea kokote ila usiguse Z. Hii ukiwa unapanga fanicha sakafuni ni dawa, unasukuma kiti huku na kule kinabaki chini, hakipai wala hakizami.

Ukishikilia Ctrl wakati unazungusha, kinakwenda kwa kuruka digrii tano tano, na Shift inapunguza kasi ya mausi kwa vile vitu vya kusogeza kidogo sana. Ukijuta katikati ya safari kliki kulia au Esc, kinarudi kilipokuwa. Ukijuta baadae kabisa Alt+G inarudisha mahali pa sifuri, Alt+R inafuta mizunguko yote. Na kama umeshaachia afu ukagundua ulitaka 2.5 sio 2, bonyeza F9, kinatokea kiboksi kidogo unarekebisha namba bila kuanza upya.

Kingine, tumia zile pande za kutazama. Numpadi (zile namba za pembeni ya kibodi) 1 ni mbele, 3 ni kulia, 7 ni juu. Ukiwa umetazama kwa mbele kabisa, G ya kawaida haiwezi kukupeleka kwenye Y hata ungetaka, kwasababu kioo chako saa hiyo ni X na Z tu. Kama laptop yako haina numpadi nenda kwenye mapendeleo (Preferences), sehemu ya Input, weka tiki Emulate Numpad, namba za juu ya kibodi zitafanya hiyo kazi.

Kabla hatujatoka hapa bonyeza N. Paneli inatoka upande wa kulia, ina Location, Rotation na Scale, yaani kiko wapi, kimegeuka kiasi gani, kimekuzwa kiasi gani. Iache wazi muda wote unapojifunza. Kila unachofanya na mausi mwisho wa siku kinageuka kuwa hizo namba tisa, na animesheni nzima ni hizo namba kubadilika kwa muda, hamna uchawi mwingine. Ukitaka kujua mzunguko chanya unaelekea wapi, nyoosha dole gumba la mkono wa kulia lielekee upande chanya wa mhimili, vile vidole vinne vinavyojikunja ndo uelekeo. Ukiandika 90 kwenye Z ya Rotation, ukitazama kwa juu kitu kinageuka kinyume na mshale wa saa. Jaribu uone, na ukisahau mkono unao.

Huo mhimili ni wa nani

Chukua ndege ya mchezo. Pua yake ilikuwa inaelekea Y, ukaizungusha digrii 30 kwa Z. Sasa unataka iende mbele. Mbele ya nani? Ukibonyeza G, Y inafuata Y ya dunia, kwahiyo ndege itateleza kiubavu ubavu kama kaa. Bonyeza Y mara mbili, G, Y, Y, sasa inafuata Y yake yenyewe, inaenda pua ilipoelekea. Mara ya kwanza ni mhimili wa dunia, mara ya pili ni wa kitu chenyewe, na inafanya kazi kwenye R pia. R, X, X inainua pua ya ndege kwa mabawa yake yenyewe hata kama imeelekea wapi.

Kama unafanya kazi ya hivo muda mrefu bonyeza koma, inakuja menyu ya duara, chagua Local, mishale ya rangi inageuka kufuata kitu. Kumbuka kurudisha Global ukimaliza, sio kesho yake unafungua kazi unalalamika programu imeharibika.

Angalia ile paneli ya N wakati unafanya G, Y, Y kwenye ndege iliyogeuka. X na Y zote zinabadilika, sio Y peke yake, kwasababu Location inapimwa kwa dunia siku zote (au kwa mzazi wake kama kina mzazi, tutafika). Usishangae basi ukiona ndege "imeenda mbele tu" afu kwenye grafu (mchoro wa namba zinavyobadilika kwa muda) kuna mistari miwili inayobadilika.

Kwa nukta ipi, na hapa nakaa sana

Kazi yangu ya kwanza kabisa ya kueleweka ilikuwa mlango. Mlango tu, ufunguke. Nimeunyoosha vizuri boksi likawa bapa, nikazungusha Z, mlango ukazunguka katikati yake kama ile milango ya vioo ya kuzunguka hotelini, nusu inaingia ndani ya ukuta nusu inatoka. Nikajaribu kuusogeza kila fremu (picha moja moja ya video) ili ionekane kama bawaba iko pembeni, fremu kwa fremu, jioni nzima imeishia pale na bado mlango ulikuwa unatikisika kama jino bovu. Tatizo lilikuwa dakika moja ya kazi.

Kila kitu kina kitovu, ile nukta ndogo ya rangi ya chungwa unayoiona ukikichagua. Location ya kwenye N ni mahali kilipo hicho kitovu, na Rotation inazungushia hapo. Mlango kitovu chake kiko katikati kwasababu boksi lilizaliwa hivo. Wewe unakitaka kwenye bawaba. Fanya hivi: chagua mlango, Tab kuingia modi ya kuhariri, bonyeza 2 ili uchague kingo, chagua ile kingo ya wima ya upande wa bawaba, afu Shift+S na uchague Cursor to Selected, kile kishale cha duara jekundu na jeupe kitaruka kwenda pale. Tab kutoka. Kliki kulia, Set Origin, kisha Origin to 3D Cursor. Kitovu kimehamia bawabani. R, Z, 90 na mlango unafunguka kama mlango. Ukitaka kishale kirudi katikati ya dunia ni Shift+C.

Na kuna mtego wa kinyume chake. Ukiwa ndani ya modi ya kuhariri ukachagua kila kitu ukakisogeza, umbo linaondoka ila kitovu kinabaki nyuma. Huoni tatizo wakati huo. Unaliona baadae ukizungusha, kitu kinachora duara kubwa kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti. Suluhisho, kliki kulia, Set Origin, Origin to Geometry. Na tabia nzuri ni hii, kama nia yako ni kuhamisha kitu kizima toka kwanza kwenye modi ya kuhariri ndo usogeze.

Ukichagua vitu vingi kwa pamoja hapo swali linakuwa la kweli kweli, maana kuna vitovu vingi. Bonyeza nukta ya kwenye kibodi upate menyu nyingine ya duara. Median Point inazungusha kundi zima kwa wastani wa katikati yao, Individual Origins kila mmoja anajizungusha pale pale alipo, viti ishirini vyote vinageuka kushoto bila kuhama, na 3D Cursor vyote vinazunguka pale ulipoweka kishale.

Sasa sikiliza hii vizuri kwasababu maelekezo mengi yanaipita juu juu. Hiyo menyu ya nukta ni msaada kwako wewe unayevuta, animesheni haiijui kabisa. Kinachohifadhiwa ni zile namba tisa tu. Kwa mfano una sayari katikati na mwezi umekaa mita 5 pembeni kwenye X. Unaweka kishale katikati ya sayari, unachagua 3D Cursor, unazungusha mwezi digrii 180 kwa Z, unaona kabisa macho yako umezunguka vizuri nusu duara hadi upande wa pili. Unahifadhi mwanzo na mwisho, unacheza, na mwezi unapita katikati ya sayari kama risasi! Kwanini? Kwasababu programu imehifadhi Location X ilikuwa 5 ikawa -5, na njia ya kutoka 5 kwenda -5 ni kupita sifuri. Ule upinde ulikuwepo wakati unavuta tu.

Njia sahihi ni kumpa mwezi mzazi. Shift+A, Empty, Plain Axes, inakuja mistari mitatu iliyopishana isiyoonekana kwenye video, iweke katikati ya sayari. Chagua mwezi kwanza, afu shikilia Shift chagua ile Empty, Ctrl+P, Object. Sasa mwezi ni mtoto wa Empty. Usiuguse mwezi tena, zungusha Empty. Mwezi unafuata kwa duara safi, fremu zote. Na ukitaka mwezi wenyewe nao ujizungushe kwa kasi nyingine, zungusha mwezi, hizo namba haziingiliani. Mimi siku hizi karibu kila kitu kinachozunguka kwa nukta isiyo yake nakiwekea Empty, kamera inayozunguka bidhaa, ndege kwenye duara, vyote. Ukitaka kuachanisha ni Alt+P na uchague ile ya Clear and Keep Transformation, la sivyo mtoto anaruka anakojua mwenyewe.

Kuingiza muda

Chini kuna mstari wa muda. Kawaida Blender inaanza na fremu 24 kwa sekunde na fremu 1 hadi 250, yaani kama sekunde kumi na kitu. Kutoka fremu 1 hadi fremu 25 ni sekunde moja kamili, sio 1 hadi 24, hesabu nafasi za katikati usihesabu nguzo.

Nenda fremu 1, peleka mausi juu ya namba za Rotation kwenye paneli ya N, bonyeza I. Zinageuka njano, maana yake hapo pana kii fremu, namba zimegandishwa kwenye hiyo fremu. Nenda fremu 25, zungusha mlango, I tena. Ukiwa katikati ya hizo mbili namba ni kijani, inamaanisha ina animesheni ila hapa hakuna kii fremu. Ukiona rangi ya chungwa hiyo ni onyo, umebadilisha namba na hujaihifadhi. Nashauri ubonyeze I ukiwa juu ya namba husika badala ya kugandisha kila kitu, maana ukigandisha tisa zote wakati unahitaji moja baadae kwenye grafu utakuta msitu.

Kitu kikitoka hapa kwenda pale Blender inakianzisha taratibu, inakipa kasi katikati, inakipunguza mwishoni. Kwa mlango ni nzuri sana. Kwa feni ni balaa, kila mzunguko inasinzia afu inaamka. Fungua Graph Editor, chagua kii fremu zote kwa A, bonyeza T uchague Linear, mstari unanyooka na feni inazunguka kwa kasi moja. Ukitaka izunguke bila kukoma, bonyeza Shift+E hapo hapo uchague Make Cyclic.

Kwenye video ya kujirudia kuna kosa dogo linaloonekana kama kigugumizi. Umeweka sifuri fremu 1 na digrii 360 fremu 120, ukaishia 120. Lakini sifuri na 360 ni picha ile ile, kwahiyo fremu ya mwisho na ya kwanza zinafanana, inasimama kidogo. Weka 360 kwenye fremu 121 na mwisho wa video uache 120. Imeisha hiyo.

Au usiweke kii fremu kabisa. Bonyeza mara mbili kwenye Z ya Rotation uandike #frame*2*pi/48 kisha Enta, sehemu inageuka zambarau, na kitu kitazunguka mara moja kila fremu 48 milele na milele. Ile pi iko pale kwasababu humo ndani mizunguko inahesabiwa kwa radiani (kipimo kingine cha pembe) japo wewe unaonyeshwa digrii.

Magurudumu sasa. Gari likienda na gurudumu likazunguka kwa kasi isiyoendana, hata mtu asiyejua 3D atahisi kuna kitu hakiko sawa, linaonekana linateleza kwenye barafu. Hesabu ni nyepesi. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 0.35 likizunguka mara moja linatembea 2 × 3.1416 × 0.35, kama mita 2.2. Gari likienda mita 22 basi ni mizunguko 10, yaani digrii 3600. Kama gari linaelekea Y chanya, kwenye X ya gurudumu andika -3600, tena iandike hivo hivo nzima, usigawe gawe. Na mistari ya grafu ya gari na ya gurudumu lazima iwe na umbo moja, gari likiondoka taratibu huku gurudumu ni Linear, litakuwa linazungusha tairi hewani pale mwanzoni.

Kwanini kuzungusha kunaleta wazimu kuliko kusogeza

Kusogeza hakuna ugomvi, uende X kwanza afu Y, au Y kwanza afu X, unafika pale pale. Kuzungusha sio hivo. Chukua simu yako sasa hivi, ilaze mezani kioo juu. Igeuze robo mzunguko kuelekea mbele yako, afu robo mzunguko kuelekea kulia. Irudishe, fanya hivyo hivyo ila anza na ya kulia. Zimeishia tofauti. Kwahiyo namba tatu za Rotation peke yake hazitoshi, lazima kuwe na mpangilio ipi inaanza, na Blender kwa kawaida imeandika XYZ Euler chini ya hizo namba, jina la yule mtaalamu wa hesabu wa Uswisi, Leonhard Euler.

Shida yake ni hii, ya katikati ikifika digrii 90, ya kwanza na ya mwisho zinalala kwenye mstari mmoja. Usiniamini mimi, ongeza kichwa cha tumbili, Shift+A, Mesh, Monkey, andika Y ya Rotation iwe 90. Sasa vuta X. Afu vuta Z. Zote mbili zinamzungusha kwa mstari ule ule! Umebaki na mihimili miwili, mmoja umepotea. Hii wanaita gimbal lock, na haikuanza kwenye kompyuta, vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilikuwa na kifaa cha mwelekeo chenye pete tatu na wanaanga walilazimika kuchunga wasigeuze chombo hadi pete mbili zilaliane. Wewe chombo chako hakipotei angani, ila mkono wa mhusika wako ukipita karibu na hapo utajikunja kwa njia ya ajabu kati ya kii fremu mbili ambazo zenyewe ziko sawa kabisa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mpangilio ili ule mhimili usiotarajia kufika 90 ndo ukae katikati. Kamera kwa mfano kwenye XYZ iko salama: ikiwa sifuri zote inatazama chini, X ikiwa 90 inatazama usawa wa macho, Z inaigeuza kushoto na kulia, na Y ya katikati ni kuipinda kichwa, kitu ambacho mara nyingi unakiacha sifuri tu. Usiiguse basi.

Ya pili ni kwaternioni. Namba nne badala ya tatu, W, X, Y, Z. Alizigundua William Rowan Hamilton mwaka 1843 akiwa anatembea Dublin, akachonga fomula kwenye jiwe la daraja pale pale, na zilikaa sana huko kwenye hesabu hadi 1985 Ken Shoemake alipoonyesha kwenye SIGGRAPH, mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, jinsi zinavyofaa kwa animesheni. Usijaribu kuzielewa kwa kuzitazama, hazisomeki kama digrii, wewe zungusha kwa R na uhifadhi. Faida ni kwamba mhimili haupotei na kitu kinageuka kwa njia fupi bila kujipinda. Mifupa ya wahusika kwenye Blender inaanza na hizi tayari.

Ila hiyo njia fupi ndo udhaifu wake pia. Ukimwambia kwaternioni zungusha 3600 haitakuelewa, yenyewe inaona mwanzo na mwisho ni sawa, inakaa kimya haigeuki hata kidogo. Kwahiyo magurudumu, feni, milango, sayari, tumia Euler. Mabega, shingo, chombo kinachobiringika angani bila mpangilio, kwaternioni. Na uchague kabla hujaweka kii fremu ya kwanza, kwasababu kila aina ina mistari yake kwenye grafu, ukibadilisha katikati ya kazi zile za zamani zinabaki pale hazifanyi kitu na kazi yako inaonekana imefutika. Haijafutika, rudisha aina ya mwanzo utaiona.

Ukiwa na Euler na ukaona kitu kinajizungusha duara zima ghafla kati ya fremu mbili, angalia grafu, labda inatoka 179 kwenda -179. Kwa macho ni digrii 2 tu, kwa hesabu ni 358. Kwenye menyu za Graph Editor kuna kichujio cha Euler kinanyoosha hizo.

Vidogo vidogo vinavyokula muda

Kama uliminya boksi kwa S kabla ya kuanza, angalia Scale kwenye N. Ikiwa ni 1, 1, 1 sawa. Ikiwa ni 0.1, 2, 4 na una mpango wa kumpa watoto, Ctrl+A, Scale, zirudi 1 bila umbo kubadilika. Usipofanya, mtoto akizunguka ndani ya mzazi aliyeminywa anapinda kama mpira. Lakini Ctrl+A ya Rotation iogope, inasahaulisha kitu kilikuwa kimegeuka vipi, ile Y yake mwenyewe inakuwa Y ya dunia. Na yote haya yafanyike kabla ya kii fremu, ukishaweka kii fremu zile namba za zamani zitarudi juu yake kwenye fremu inayofuata na kitu kitaruka.

Kikirudi kilipokuwa kila ukihamisha fremu, hukubonyeza I, ni hilo tu. Kuna kitufe cha duara kwenye mstari wa muda kinachohifadhi chenyewe kila ukigusa kitu, ni kitamu, ila mimi nakizima nikimaliza, kwasababu siku nilipokisahau nilisogeza kamera nitazame tu nyuma ya kabati na ikajiandikia safari fremu 112 ambayo sikuiona mpaka video imeshatoka.